Kuishi Chomboni Mbele ya Mji Mkongwe: Mwongozo kwa Anayelala Majini na Kutembea Nchi Kavu

Anayetaka kukaa wiki mbili au tatu juu ya chombo chake mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, akishuka pwani mchana na kurudi kulala majini, anapaswa kujua tarehe ya mwezi mwandamo kabla ya kujua jambo jingine lolote. Maji ya bandari hii hupanda na kushuka takriban mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, na mita 1 hivi wakati wa maji mafu, yaani siku yanapopanda na kushuka kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua saa ya kwenda sokoni, saa ya kula Forodhani, bustani ya pwani yenye vyakula vya usiku, na iwapo utarudi kulala kitandani mwako au utakesha mchangani ukisubiri maji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tarehe 1 na tarehe 15 ya mwezi mwandamo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, hivyo ikifika tarehe 8 maji hujaa karibu na saa nne na kukupwa karibu na saa kumi. Ikifika tarehe 15 mzunguko huwa umerudi pale pale. Bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na maji mafu huja vivyo hivyo baada ya nusu mwezi. Jedwali la maji lililochapishwa lina usahihi zaidi na sharti liwemo chomboni, lakini ukiwa mjini na simu imezimika, kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani itakutosha. Hata watu wakibishana kama mwezi umeandama jana au leo, hesabu yako itapotoka kwa dakika 50 tu.

Upepo na mahali pa kutia nanga

Kusi, yaani upepo wa kusini, huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kaskazi, wa kaskazini, kuanzia Disemba hadi Machi. Majahazi ya zamani yaliteremka kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na sababu yao ingali na nguvu kwa chombo cha leo: anayetoka Lamu au Mombasa katikati ya kusi atakutana na upepo usoni pamoja na mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini, akafika amechoka na amemaliza dizeli. Miezi ya tanga mbili, baina ya pepo hizo, bahari hutulia zaidi, ila masika huleta mvua nzito na vuli huleta dhoruba fupi za ghafla ambazo huanza na wingu jeusi na kuisha kabla hujapata kukunja turubai.

Ras Shangani ndiyo pua ya mji. Wakati wa kusi, tia nanga upande wa kaskazini wa ras hiyo, mbele ya Forodhani na Mizingani, ambako mji wenyewe unakukinga. Wakati wa kaskazi, upande wa kusini wa ras hukaa vizuri zaidi. Popote utakapochagua, kaa mbali na njia ya boti za abiria za mwendo kasi zinazoingia na kutoka bandari ya Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini, kwa sababu mawimbi yao huangusha sufuria jikoni hata kwa chombo kilichofungwa vizuri. Nilijifunza hilo kwa chungu kizima cha wali wa nazi.

Urefu wa mnyororo ndipo wageni wengi wanapokosea. Tuseme umepima kina cha mita 5 maji yakiwa yamekupwa. Bamvua likijaa kina kitakuwa mita 9, na ukiongeza mita 1 kutoka usoni pa maji hadi omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hesabu yako ni mita 10. Mnyororo utolewe mara tano ya hapo, yaani mita 50, na ukitumia kamba badala ya mnyororo utoe mara saba. Kisha kumbuka kwamba mita 50 hizo hizo, maji yakikupwa, zinakipa chombo nafasi kubwa ya kuzunguka, kwa hiyo tazama majirani wako walivyotia nanga kabla hujatia yako. Funga pia kamba nyembamba yenye boya kwenye kichwa cha nanga ili uweze kuing'oa kinyumenyume ikinasa. Chini ya maji haya kuna vyuma vya miaka mingi. Glasgow, meli ya sultani, ilizamishwa mbele ya jumba la kifalme katika vita vya 27 Agosti 1896, ambavyo havikufikia hata saa moja, na manowari ya Kiingereza Pegasus ilipigwa na meli ya Kijerumani Königsberg ikiwa bandarini hapa tarehe 20 Septemba 1914.

Usiku washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, na usiizime ili kuokoa betri. Wavuvi hupita gizani wakiwa na kurunzi tu, na wao wanakutegemea wewe uonekane.

Kuhusu ruhusa nitasema machache. Chombo kinachotoka nje ya Jamhuri ya Muungano huingia mchana, hupandisha bendera ya manjano, na nahodha hushuka peke yake akiwa na hati za chombo, orodha ya mabaharia na pasipoti za wote, huku wenzake wakibaki juu mpaka afya, uhamiaji, forodha na bandari wamalize kazi yao. Mgeni kutoka nje anunue kabla ya safari bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 na inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Bagamoyo ana njia fupi zaidi, lakini naye asiache kitambulisho wala hati za chombo. Beba nakala nyingi na kalamu yako mwenyewe.

Kihori, mchanga na usiku wa tarehe 16

Kihori, yaani kijiboti cha kushukia pwani, kiwe cha mpira au cha mbao, ndicho mlango wa nyumba yako. Katika majuma ya kwanza mtu hukitendea kama baiskeli: anafika, anakiegesha, anaondoka. Mimi na mwenzangu tulifanya hivyo jioni moja ya tarehe 16. Tulishuka saa kumi na mbili, maji yakiwa bado juu, tukakifunga karibu na ukuta, tukaenda kula. Tuliporudi saa tatu na nusu kihori kilikuwa kimepwelewa, kimelala ubavu juu ya mchanga na mawe, na ukingo wa maji ulikuwa mbali gizani. Kina mashine ya nguvu za farasi 8 na tangi la petroli lililojaa, na watu wawili hawawezi kukibeba. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu walitusaidia kukivuta, mmoja wao akiuliza kwa upole kama kwetu mwezi hauandami.

Kutokana na usiku ule tuliipanga ratiba upya, na ndiyo ninayoipendekeza. Siku za bamvua ziwe za matembezi marefu ya asubuhi: shuka saa moja, maji yakiwa nusu, tembea mjini yanapokupwa na kuanza kujaa tena, urudi saa sita au saa saba yakiwa yamekifuata kihori chako. Jioni za siku hizo kaa chomboni. Siku za maji mafu, hasa tarehe 7 hadi 10 na 22 hadi 25, ziwe za chakula cha usiku Forodhani, kwa sababu maji huwa yanajaa tangu magharibi hadi saa tatu au baadaye na tofauti yake ni ndogo. Siku hizo hatari inageuka: kihori hakipwelewi bali huelea chenyewe na kuondoka. Tupa nanga yake ndogo majini, kisha fikisha kamba ndefu juu kabisa ya alama ya maji makuu, uifunge kwenye kitu kisichosogea.

Mashine ifungwe kwa mnyororo na kufuli, na makasia yasiachwe ndani. Mtafute mtu mmoja wa pale pale pwani, msalimie vizuri, mkubaliane malipo ya kukiangalia kihori kwa muda wote utakaokaa, na usimbadilishe kila siku kwa kutafuta nafuu ndogo. Ufukweni habari huenea haraka, na kihori kinachojulikana kuwa kina mwenyewe hakiguswi. Viatu vya mpira vivaliwe wakati wa kuingia na kutoka majini, kwa sababu ya mawe, chupa zilizovunjika na wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia nyayoni.

Maji, chakula na mende

Hakuna bomba linalofika kwenye nanga. Maji huletwa kwa madumu ya lita 20, na watu wawili wanaojihesabu wanaweza kuishi kwa dumu moja kwa siku: kuoga kwa maji ya bahari na kujisuuza kwa kopo mbili za maji baridi, kuosha vyombo kwa maji ya bahari na kuvimalizia vivyo hivyo. Kwa kuoga, kuosha vyombo na kuogelea, hata hivyo, usitumie maji ya mbele ya mji, kwa kuwa mifereji mikongwe humwaga uchafu humo. Chota ukiwa umetoka kuelekea visiwani. Wakati wa masika, turubai lililotandikwa juu ya sitaha na kuelekezwa kwenye pipa hujaza zaidi ya mahamali watatu, ilimradi mvua ya dakika kumi za mwanzo iachwe ioshe chumvi na vumbi.

Petroli na dizeli nazo hubebwa kwa madumu kutoka vituo vya mjini, kwa hiyo panga safari moja kubwa ya hamali na gari la mkono kuliko safari kumi za teksi. Paneli za sola hutosha taa, simu na friji ndogo katika kaskazi. Katika siku za mawingu ya masika friji huzimwa, ukaanza kula kama walivyokula mabaharia wa majahazi: muhogo, viazi vikuu, maboga, nazi, ndizi mbichi, vitunguu, malimau, ng'onda na papa mkavu. Vyote hivi vinapatikana Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na vyote hukaa siku nyingi bila barafu. Samaki wabichi nunua asubuhi wakati wa mnada, kiasi cha mlo wa siku ile tu. Changu na tasi wa kuchoma humfaa mwenye jiko dogo kuliko pande kubwa la jodari litakalomshinda.

Jambo moja lisipuuzwe. Maboksi ya kadi yasiingie chomboni kamwe, kwa sababu mayai ya mende hukaa katika mikunjo yake. Hamisha kila kitu pwani, tia katika vikapu vya ukili, na mkungu wa ndizi uzamishe baharini kwa dakika kadhaa kabla ya kuupandisha. Mende akishaingia chini ya sakafu ya chombo, kwenye ngama, humtoi tena mpaka uuze chombo. Vikapu vya ukili vina faida nyingine pia, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar.

Kuujua mji kwa miguu

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni kama pembetatu: pande mbili ni bahari, na upande wa tatu ni barabara ya Darajani, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari unaojaa na kukupwa, na daraja lililouvuka ndilo lililoacha jina. Kwa hiyo anayepotea vichochoroni aende moja kwa moja upande wowote: atatokea ama kwenye maji ama kwenye magari, na kutoka hapo atajua njia. Usifungue ramani ya simu kila kona. Vichochoro vya Kiponda na Sokomuhogo vinapinda kuliko ramani inavyoonyesha, na kijana aliyekaa barazani atakuelekeza kwa usahihi zaidi ukianza kwa salamu.

Anzia Forodhani asubuhi, wakati wauzaji wa usiku hawapo. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, iko mbele yako. Pembeni yake ni Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Fuata Mizingani, pita Beit al-Sahel, jumba la zamani la masultani, hadi Mti Mkubwa uliopandwa mwaka 1911, ambako manahodha wa mashua hukaa kivulini. Kwa mwenye chombo, kivuli hicho kina faida kuliko ofisi yoyote. Hapo utaulizia fundi wa injini, mshonaji wa matanga, hali ya fungu la mchanga la Pange, na upepo wa kesho, na utajibiwa na watu waliotoka majini asubuhi ile. Nenda bila haraka, mwamkie mkubwa kwa shikamoo kabla ya swali, na uwe tayari kwa kahawa chungu.

Kisha ingia ndani. Ukialikwa katika nyumba kongwe, tazama dari. Vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita 3 hivi au zaidi kidogo, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazina urefu zaidi ya huo. Anayelala katika chumba cha chombo, kilichopimwa na mbavu za mbao, atajihisi yuko kwao. Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, sasa kuna kanisa kuu la Kianglikana. Patengewe muda wa kutosha, na pasiunganishwe na safari ya kununua vitunguu. Darajani iwe ya mwisho, mikono ikiwa mitupu na kihori kikiwa kinakaribia kuelea.

Mavazi yana uzito. Anayeteremka kutoka chomboni akiwa na kaptura yenye chumvi huona yuko ufukweni, lakini hatua hamsini kutoka majini amekwisha kuwa mlangoni kwa watu. Weka kanga mbili na shati safi katika mfuko usioingia maji ndani ya kihori, uvae kabla ya kupanda ukuta. Mchana wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani, na Ijumaa usitegemee duka kuwa wazi wakati wa sala. Mapapasi, yaani madalali wa mitaani wanaowaandama wageni, watakufuata siku mbili za mwanzo. Wakishajua kwamba unalala majini na unanunua muhogo, watakuacha na kuanza kukusalimia tu. Ukihitaji kiongozi, chagua mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii.

Forodhani ya usiku ina urojo, mishikaki, pweza na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Kula mahali palipo na foleni ya wenyeji na chakula kinachotoka motoni mbele ya macho yako, hasa vyakula vya baharini, kwa sababu kuumwa tumbo juu ya chombo kinachosukwasukwa si jambo la kutamani.

Visiwa vya karibu

Mji ukikuchosha, ng'oa nanga. Changuu iko mwendo mfupi tu, na humo mna kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli pamoja na gereza lililojengwa mwaka 1893 ambalo halikufunga mtu, likawa karantini. Tia nanga kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Jua likiwa juu utaona tofauti ya rangi, asubuhi mapema hutaiona. Chapwani ina makaburi ya mabaharia, wakiwemo wa Pegasus. Chumbe, kusini, ni hifadhi ya bahari yenye mnara wa taa wa mwaka 1904, na humo hairuhusiwi kutia nanga wala kuvua. Anayetaka kuiona apange ziara na wenye hifadhi. Mafungu ya mchanga kama Pange hutokea maji yakikupwa na kutoweka yakijaa, na kila msimu kuna mtu anayesahau hilo akiwa na mkeka, watoto na sinia la pilau.

Kwa mwenye muda zaidi, Nungwi inastahili siku tatu, si kwa ajili ya hoteli zake bali kwa mafundi wanaochonga mashua pwani. Huko ndiko pa kukalisha chombo mchangani kwa makusudi bamvua linapokupwa, ukasugua mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ukapaka rangi upande mmoja asubuhi na wa pili kesho yake. Panga kazi hiyo kabla bamvua halijafika kileleni. Chombo kilichokaa mchangani siku ya maji makubwa kuliko yote, kisha kikakosa kuelea, kitasubiri siku 14 nyingine.

Siku ya kuondoka Mji Mkongwe, kamilisha hati zako jana yake, mlipe mwangalizi wa kihori jioni kwa kuwa alfajiri hatakuwepo, na vuta mnyororo taratibu baada ya adhana, maji yakiwa yamesimama, kabla boti ya kwanza ya Dar es Salaam haijawasha mashine.